Jenerali Ogolla na mabomu ya Mlima Kenya

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayetupata gazetini, sisi tuliokulia Kunduchi tulilijua bomu kabla ya kumjua mwanajeshi. Miaka ya tisini, asubuhi bahari ikiwa shwari, ungesikia mlio mzito kutoka upande wa visiwani. Bati likatetemeka kidogo, na wazee waliokuwa wakishona nyavu pale Kunduchi Pwani wakatikisa vichwa. Walijua ni wavuvi wa baruti. Baadaye samaki wangefika mnadani wamelegea, mifupa imesagika ndani kwa ndani, na bei yao nafuu. Mama zetu walimbonyeza samaki tumboni, wakasonya, wakamrudisha. Wengine walimnunua hivyo hivyo, kwani watoto nyumbani hawakuuliza samaki amekufa kifo gani.

Halafu wakazi wa Dar es Salaam wakaja kuyajua mabomu ya jeshi lenyewe. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka jingine Gongo la Mboto. Hakuna adui aliyekuja. Mabomu yaliondoka yenyewe ghalani yakaruka juu ya paa za watu, na watu wakakimbia usiku na watoto mgongoni, wasijue wanakimbilia wapi. Tangu hapo mtu wa Temeke ukimtajia bomu hakutazami kama msimulizi wa sinema.

Naanzia huko kwa sababu ya swali niliyoulizwa kijiweni. Tangu mwaka 2012 Kunduchi yetu ina Chuo cha Taifa cha Ulinzi, na maofisa wakubwa huja kusoma hapo, wa kwetu na wa nchi nyingine za Afrika. Kijana mmoja wa bodaboda aliona gari lao likipita akanigeukia: "Kaka, samahani, hivi mtu akishakuwa brigedia anasomea nini tena? Si ameshajua kupiga?" Nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona kuwa kijana ameuliza jambo zito. Mtu aliyefundishwa kurusha ndege na kuachia mabomu anahitaji kujua nini zaidi kabla ya kukabidhiwa jeshi zima? Nimejaribu kumtafutia jibu katika maisha ya mtu mmoja wa jirani, Jenerali Francis Omondi Ogolla wa Kenya, rubani wa ndege za kivita aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya nchi yake, aliyefariki tarehe 18 Aprili 2024.

Lakini habari ya Ogolla haiwezi kuanza na Ogolla. Yabidi tuanze na ndege.

Mwaka 1976 ulikuwa mwaka mbaya kwa Kenya. Mwezi Februari Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Mwezi Julai makomandoo wa Israeli walishuka Entebbe kuwaokoa mateka, wakateketeza ndege za kivita za Uganda zikiwa zimeegeshwa, na wakapitia Nairobi walipokuwa wakirudi kwao. Amin akaapa kulipa kisasi kwa Kenya. Serikali ya Mzee Kenyatta, ambayo ndege zake za kivita zilikuwa chache na nyingine zilikwisha kutumika Uingereza, ikaiomba Marekani iiuzie F-5. Zikafika mwaka 1978, idadi yake 12. Kumi zilikuwa za kiti kimoja na mbili za viti viwili kwa ajili ya mafunzo.

F-5 si ile ndege kubwa ya mabomu tunayoiona katika picha za Vita Kuu ya Pili, yenye tumbo kama meli. Ni ndege nyembamba yenye pua ndefu, inayopigana na ndege nyingine na pia hubeba mabomu chini ya mbawa na chini ya tumbo, mzigo unaokaribia tani 3. Ndani yake rubani wa vita yuko peke yake. Hana wa kushauriana naye isipokuwa sauti ya redioni. Yeye ndiye anayeendesha, anayelenga na anayebonyeza. Naomba mlikumbuke hilo, ndugu zangu, kwa sababu mambo mengi ya mbele yananing'inia hapo.

Ndege hizo hazikupata kumpiga Amin. Aliangushwa na jeshi letu mwaka 1979, na sisi ndio tulioonja mabomu ya vita vile. Ndege za Uganda zilishambulia mkoa wa Kagera, na tarehe 29 Machi 1979 ndege kubwa ya mabomu ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua hazina ya mafuta ya Mwanza. Ikakosea, ikapiga kisiwa cha Saanane ambacho ni hifadhi ya wanyama, ikaua swala. Watu wa Mwanza bado wanasimulia kwa kicheko. Wangecheka kama rubani yule angelenga vizuri?

Mara ya kwanza F-5 za Kenya zilipopakiwa mabomu kwa nia ya kuua, walengwa walikuwa Wakenya wenyewe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982.

Usiku wa kuamkia siku hiyo askari wa Jeshi la Anga, wengi wao wa vyeo vya chini kabisa, waliasi na kutaka kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Kiongozi wao Hezekiah Ochuka alikuwa askari wa cheo cha chini, si ofisa. Waliteka kambi ya Eastleigh, wakateka kambi ya Embakasi, wakaiteka redio. Nami niliye mtu wa redio siwezi kupita hapo haraka. Alfajiri walikwenda nyumbani kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyopendwa mno Kenya, wakamchukua hadi studio za Sauti ya Kenya na kumwambia awatangazie wananchi kwamba serikali imeangushwa. Akasoma. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Baadaye siku ile wanajeshi watiifu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed waliikomboa redio, na Mbotela yule yule akatangaza kwamba serikali ya Moi imerudi. Aliishi na hadithi ile mpaka alipofariki Februari 2025, na kila alipohojiwa aliulizwa habari za asubuhi hiyo.

Sasa twende Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ambako F-5 zilikaa. Kule nako waasi walishika kambi. Waliwatoa marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza, wakawaamuru wapakie mabomu, waruke hadi Nairobi na kuipiga Ikulu pamoja na makao makuu ya askari wa GSU. Ili kuhakikisha amri inatekelezwa, koplo mmoja mwenye silaha alipanda kiti cha nyuma cha Meja Mutua.

Marubani hawakubishana. Ukibishana na mtu mwenye bastola chini, amekwisha kukuua na kumtafuta mwingine. Waliruka. Huko juu mambo yakageuka, kwa sababu angani mwenye elimu ndiye mwenye nguvu. Ndege ya namna ile ikikata kona kali kwa kasi, mwili unakuwa mzito mara kadhaa, damu inakimbilia miguuni na kichwa kinakosa. Rubani amefundishwa kubana tumbo na miguu ili damu isishuke, na huvaa vazi linalombana. Asiyefundishwa huona giza na kutapika, pengine akazimia. Koplo wa watu akapelekwa huku na huku, mpaka bastola ikawa si kitu tena. Mabomu yakaachiwa katika misitu ya Mlima Kenya, ambako hapakuwa na mtu, na ndege zikarudi.

Nimekuwa nikiyafikiria mabomu yale kwa miaka mingi. Nairobi ya Jumapili ile ilikuwa na watu barabarani, wanafunzi wa chuo kikuu wakishangilia, vibaka wakivunja maduka ya Wahindi, askari wakipigana na askari. Watu zaidi ya 100 walikufa kwa risasi peke yake. Mabomu ya F-5 yangeanguka juu ya mji ule, hesabu ingekuwa nyingine na Kenya ingekuwa nyingine. Marubani watatu waliamua. Mmoja kati yao alikuwa na bastola kisogoni.

Mchana mambo yakawaharibikia waasi. Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu walipanda ndege ya mizigo aina ya Buffalo, wakawalazimisha marubani wawalete hapa kwetu Dar es Salaam. Wakubwa zangu kazini walinisimulia jinsi habari ile ilivyosambaa mjini, kwamba yupo mtu ameshuka uwanja wa ndege aliyekuwa mtawala wa Kenya kwa saa chache. Serikali ya Mwalimu ikawapa hifadhi kwanza. Lakini mwezi Novemba 1983, wakati marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha kugawana mali ya Jumuiya iliyokufa, na mpaka wa Namanga uliofungwa tangu 1977 ukafunguliwa, kulikuwa na mgawo mwingine ambao haukupigiwa ngoma. Ochuka na Okumu walirudishwa Kenya, na Tanzania ikapewa watu wake iliyokuwa ikiwatafuta kwa kesi ya kula njama dhidi ya serikali. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kunyongwa Kamiti mwezi Julai 1987.

Na Jeshi la Anga? Lilivunjwa lote. Si kikosi kimoja, ni jeshi zima. Mamia kwa mamia ya askari walikamatwa, wengi wakafungwa. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka 4 kwa kosa la kushindwa kuzuia maasi. Hata jina lilifutwa. Likaundwa jeshi jipya likaitwa Jeshi la Anga la 82, likawekwa chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu, mpaka mwaka 1994 liliporudishiwa jina lake na uhuru wake. Kwa miaka 12, kila rubani aliyevaa sare ya buluu alibeba katika jina la jeshi lake mwaka wa aibu.

Basi hapo ndipo anapoingia mtu wetu.

Francis Ogolla alizaliwa tarehe 12 Februari 1962 huko Alego, Siaya, katika nchi ya Wajaluo. Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984, akapewa kamisheni kuwa Luteni Usu tarehe 6 Mei 1985, akapangiwa Jeshi la Anga. Pima tarehe hizo, ndugu msomaji. Kijana wa miaka 22, Mjaluo, anakwenda kuomba kazi katika jeshi lililovunjwa miaka 2 iliyopita kwa maasi yaliyoongozwa na Mjaluo. Ochuka alikuwa bado hai, gerezani. Raila Odinga, mtoto wa Mzee Jaramogi, alikuwa kizuizini kwa kuhusishwa na jambo lile lile. Siku zile jina la mtu lilitosha kumfanya atazamwe mara mbili mlangoni.

Na bado kijana akaingia, na jeshi likampokea, na si kumpa jiko au bohari bali ndege. Alipelekwa Marekani kufundishwa na jeshi la anga la huko urubani wa ndege za kivita. Aliporudi akarusha F-5, zile zile za familia ya Nanyuki, kisha akawa mkufunzi wa marubani wengine. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kubwa kuliko cheo chochote alichopata baadaye. Jenerali anazungukwa na wasaidizi na walinzi. Luteni mwenye mabomu chini ya mbawa, peke yake, dakika chache kutoka mji mkuu, hana wa kumzuia. Serikali ya Moi, iliyokuwa na wasiwasi na kila kivuli, ilimwachia kijana wa Siaya usukani wa ndege ile. Sijui kama waliofanya hivyo walipata usingizi usiku wa kwanza, lakini walifanya.

Kazi nyingine alizopitia nitazitaja kwa ufupi. Alisomea kutafsiri picha zinazopigwa kutoka angani, kuchunguza ajali za ndege, na kupambana na ugaidi. Mwaka 1992 na 1993 alikuwa Yugoslavia ya zamani katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, akiwa mwangalizi wa kijeshi. Yugoslavia ya miaka ile ilikuwa shule, ingawa haina ubao. Jeshi lililokuwa moja lilikatika vipande kwa makabila na dini, na marubani waliosoma chuo kimoja wakawa wanalenga miji ya wenzao. Mkenya aliyekumbuka 1982 hakuhitaji kufafanuliwa alichokiona.

Kisha darasani tena. Alisoma katika Chuo cha Kijeshi cha Paris, na katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kenya kilichoko Karen, ndugu wa hiki chetu cha Kunduchi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpa shahada ya siasa na masomo ya vita na amani. Kijana wangu wa bodaboda, jibu la swali lako linaanzia hapa. Katika vyuo hivyo hawafundishwi kupiga. Wanakaa pamoja na makatibu wa wizara, mabalozi na polisi, wanajadili chakula, maji, mipaka, madeni, uchaguzi. Wanafundishwa lini jeshi liingie na lini likae kambini. Ofisa akifika kwenye meza ya wakubwa, maamuzi mengi yanayomkabili hayana bunduki ndani yake.

Marubani walikuwa na kazi wakati huo. Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia kuwafuata al-Shabaab, na F-5 zikapiga mabomu kweli kweli kwa mara ya kwanza katika vita vya nje. Mkuu wa Majeshi wakati huo alikuwa Jenerali Julius Karangi, mtu wa kwanza kutoka Jeshi la Anga kushika kiti hicho. Tarehe 30 Oktoba 2011 palipigwa Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka wakasema kambi ya watu waliokimbia makwao imeguswa, watu wasiopungua 5 wamekufa na makumi wameletwa hospitali na majeraha, wengi wao watoto. Jeshi la Kenya likakanusha, likasema lililenga magaidi. Hapakupatikana maelewano juu ya jambo hilo. Nalitaja kwa sababu tumezoea kumsifu rubani kwa ujasiri wa kupaa, tukasahau kwamba chini ya kila bomu pana mahali penye jina.

Mwezi Julai 2018 Ogolla alifanywa Kamanda wa Jeshi la Anga akiwa Meja Jenerali. Mwaka 2021 akapanda kuwa Luteni Jenerali na Makamu wa Mkuu wa Majeshi. Safari ingeweza kuishia hapo, kwa heshima na pensheni nono, kama si jambo lililotokea Bomas.

Agosti 2022 Kenya ilifanya uchaguzi mkuu, na matokeo ya urais yalikuwa yanajumlishwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. William Ruto na Raila Odinga walikuwa wamekaribiana sana. Rais aliyekuwa akiondoka, Uhuru Kenyatta, alikuwa upande wa Raila. Siku ya kutangaza matokeo, tarehe 15 Agosti, ujumbe wa wakubwa wa usalama ulikwenda kumwona mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati. Luteni Jenerali Ogolla alikuwa mmoja wao. Chebukati aliapa mbele ya Mahakama ya Juu kwamba watu hao walimtaka abadili matokeo yamfae Raila, au atangaze kwamba uchaguzi urudiwe. Upande wa serikali ulikataa, ukasema walikwenda kuzungumzia hali ya usalama wa nchi. Chebukati alimtangaza Ruto. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote 7 wakaukubali ushindi wake.

Mimi nasema lililo moyoni mwangu. Yeyote aliyewatuma, na chochote walichokwenda kukisema, jenerali hakuwa na kazi Bomas siku ile. Hata kama alikwenda kuuliza hali na kunywa chai, sare yake ilikuwa ikizungumza kabla yake. Marubani wa Nanyuki mwaka 1982 walipata amri mbaya kutoka kwa watu wabaya, na hiyo, pamoja na hatari yake, ni rahisi kuitambua. Amri ya mwaka 2022, kama ilikuwa amri, ilitoka juu, kwa wakubwa halali, wenye suti na mihuri, na namna hiyo ndiyo ngumu kuikwepa. Angani rubani angeweza kukata kona akaachia mzigo msituni. Katika chumba cha Bomas hapakuwa na msitu.

Wengi walidhani Ruto akiingia Ikulu, Ogolla amekwisha. Kumbe sivyo. Jenerali Robert Kibochi alipostaafu, tarehe 28 Aprili 2023 Ruto alimpandisha Ogolla kuwa Jenerali kamili na kumteua Mkuu wa Majeshi, Mjaluo wa kwanza kufika hapo. Watu walishangaa, wa chama cha Rais wakiwa wa kwanza. Wiki chache baadaye Ruto alipohojiwa na waandishi alisema wazi kwamba anajua Ogolla alikuwa miongoni mwa waliokwenda Bomas kutaka kuupindua ushindi wake. Alisema alishauriwa asimteue, lakini alipotazama rekodi yake akaona ndiye anayestahili, na kwamba alipomuuliza habari ya Bomas, Ogolla hakujitetea, alikiri kwamba halikuwa jambo sahihi.

Tunayo maneno hayo kutoka kinywani mwa Rais tu. Wapo waliosema Ruto alifanya hesabu ya siasa za Nyanza, na huenda hesabu ilikuwepo, kwani mwanasiasa asiyepiga hesabu haokoti kura. Lakini watawala wangapi wa Afrika wamemkabidhi majeshi mtu wanayeamini alijaribu kuwanyima kiti? Mimi nimetafuta mifano, vidole vya mkono mmoja vimebaki vingine.

Alikaa katika kiti hicho siku zisizotimia mwaka. Kaskazini mwa Bonde la Ufa, katika nchi ya Wapokot na Wamarakwet, wezi wa mifugo wenye silaha walikuwa wamefunga shule na kuwafukuza watu, na jeshi lilikuwa huko likisaidiana na polisi. Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024 Ogolla alikwenda kuwaona askari na kukagua matengenezo ya shule zilizoharibiwa. Mchana, baada ya saa nane, helikopta yake aina ya Huey iliondoka kwenye uwanja wa shule ya wavulana ya Cheptulel. Haikufika mbali. Ilianguka Sindar, upande wa Elgeyo Marakwet, ikawaka moto. Ndani walikuwa watu 12. Walikufa 10, yeye akiwemo, na wawili walinusurika.

Mkuu wa Majeshi wa Kenya hakuwahi kufa akiwa kazini kabla yake. Maneno yakawa mengi, kama kawaida ya vifo vya wakubwa. Wapo waliokwisha kuandika hukumu kabla moto haujazimika. Uchunguzi wa kijeshi uliofika bungeni mwaka 2025 ulisema ni hitilafu ya injini, si mkono wa mtu. Mwenyewe alikuwa amesomea uchunguzi wa ajali za ndege, na pengine angekuwa mtu wa kwanza kuwakataza watu kusema kabla ya mabaki kuokotwa. Kinachonigusa mimi ni kwamba mtu aliyepaa kwa F-5 miaka yote ile, akazishusha salama, alikufa akiwa abiria, katika helikopta ya muundo ulioanza kutumika tangu enzi za vita vya Vietnam, akitoka kuangalia madarasa.

Rais alitangaza siku 3 za maombolezo. Jumamosi palikuwa na ibada ya kijeshi katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata. Jumapili tarehe 21 Aprili mwili wake ulipelekwa kwao Siaya, katika kijiji cha Mor. Katika nchi ya Wajaluo mazishi ya mtu mkubwa huchukua majuma, ng'ombe wakachinjwa, mahema yakafungwa, jeneza likatoka Nairobi linang'aa vioo. Ogolla alikuwa ameacha usia kinyume cha hayo yote. Alitaka azikwe ndani ya saa 72, na alitaka azikwe bila jeneza. Baadhi ya wazee walinung'unika. Familia ikasimama na usia wake. Basi mizinga ikapigwa, bendera ikakunjwa, na Jenerali wa nyota nne akashushwa udongoni akiwa amevikwa shuka, siku ya tatu tangu afe, mbele ya Rais na mbele ya Raila Odinga, wote wawili wakiwa wamesimama pembeni mwa kaburi moja.